Sura ya Tano: Sigiri Chumbani kwa Mbelgiji

Inspekta Emukule alichuchumaa chini ya dirisha, akaukandamiza mkeka kwa kiganja. Maji yalipenya katikati ya vidole vyake. Akaupeleka mkono ukutani. Saruji nayo ilikuwa imelowa, kuanzia kizingiti cha dirisha mpaka sakafuni.

"Kuna mtu amemwaga maji humu?" aliuliza.

"Hakuna, afande," alijibu askari aliyesimama mlangoni. "Tangu mgonjwa atolewe nimesimama hapa. Hata kufagia hawajafagia."

Dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa, komeo la chuma limeshuka hadi mwisho. Emukule alilifungua, akalifunga tena. Vioo vyote vilikuwa vizima, na hapakuwa na ufa wa kupitisha hata tone.

Baina ya kitanda na meza palikuwa na jiko la makaa, lile la bati lenye miguu mitatu ambalo watu wa Malaba, kama jirani zao wa ng'ambo, huliita sigiri. Lilikuwa limejaa majivu mpaka ukingoni. Aliyelijaza makaa hakuyaonea uchungu.

Kitanda kilikuwa cha Bwana Terlinden, Mbelgiji mwenye nywele nyeupe ambaye serikali za Kenya na Uganda zilimwita azisaidie kupatana kuhusu viwanda na ushuru. Baada ya vita vikuu, nchi za Ulaya zilipokaa kutafuta namna ya kufanya biashara pamoja badala ya kuuana, yeye alikuwa mmoja wa vijana waliokaa mezani Paris kujadiliana juu ya makaa ya mawe na chuma. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na sita, na meza ilikuwa Malaba. Kesho yake wajumbe wa nchi zote mbili wangekusanyika katika ukumbi ulio karibu na stesheni ya reli wasikie anashauri nini.

Lakini alfajiri ya siku hiyo, Sulaiti, mpishi wa resthausi, nyumba ya wageni ya serikali, alipompelekea chai, alimkuta hana fahamu na chumba kimejaa joto la makaa. Alimburuta mpaka barazani, akapiga kelele. Polisi wa Malaba walifika, wakampeleka mgonjwa hospitali ya misheni, wakamshukuru Sulaiti kwa kumwokoa, kisha wakamtia pingu.

"Ni ajali," sauti ilisema kutoka barazani. "Usiifanye ndefu, ndugu yangu."

Aliyesema ni Lazarus Ojiambo, ofisa kutoka Nairobi aliyepewa kazi ya kumsindikiza Mbelgiji. Alikuwa mtu wa Bumala, mrefu, suti yake haina kunyanzi hata asubuhi ile. Yeye na Emukule walisoma shule moja, na wakati mmoja waliwahi kuvaa jezi za timu moja. Chumba chake kilipakana na cha mgonjwa.

"Nieleze hiyo ajali," Emukule alisema.

"Jana jioni upepo wa mvua ulivuma, ukaleta baridi. Mzee aliomba moto. Mpishi akamwekea sigiri chumbani kama mjinga, akaenda zake. Nini kingine?"

"Ulimsikia akiomba?"

"Sikuwepo wakati wa chakula. Nilikuwa nimeenda Busia na gari. Niliporudi mvua ilikuwa haijaanza, nikaingia kulala."

"Na dirisha?"

"Alilifunga mwenyewe. Mvua ilipoanza tu, tone la kwanza, nikasikia komeo. Ukuta wetu ni mmoja."

"Tone la kwanza."

"La kwanza kabisa. Mzungu na maji, unajua tena." Ojiambo alisogea, akashusha sauti. "Sikiliza, Emukule. Huyo mpishi ni mtu wa Tororo. Watu wa Uganda wakisikia kuna mkono wa mtu hapa, watageuza magari yao kwenye daraja la mpakani, na kazi ya miezi mingi itakufa. Andika ajali. Mpishi apewe kesi ndogo ya uzembe. Kesho mimi nitayasoma maoni ya mzee, mkutano uendelee."

"Utayasoma wewe?"

"Nani mwingine? Mimi ndiye niliyetembea naye."

Emukule aliangalia mikono yake iliyolowa, akaipangusa kwenye kaptula, akaagiza sigiri ipakiwe garini, kisha akamwambia askari afunge mlango na asimruhusu mtu yeyote kuingia.

* * *

Sulaiti alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, kanzu yake ina madoa ya majivu kifuani, pale alipomkumbatia mgonjwa kumtoa nje. Alisimama alipomwona inspekta.

"Sigiri si yangu, afande," alianza kabla hajaulizwa. "Sisi tunapikia kuni. Nenda jikoni kwangu ukaangalie, hata kipande cha makaa hukipati."

"Nimeangalia. Nieleze habari ya chakula cha jana."

"Nilipika kuku na viazi. Walikuwa wawili mezani, mzee na Dada Leonida, yule anayempigia taipu. Upepo ukaleta baridi. Dada akaniuliza, 'Sulaiti, huna sigiri tuote moto?' Nikamwambia hatuna. Mzee akauliza tunasema nini. Alipoambiwa, ssebo, bwana wangu, akaweka kijiko chini, akaacha kula."

"Kwa nini?"

"Akaongea Kizungu kirefu. Dada akanitafsiria, kwa sababu mzee mwenyewe alitaka na mimi nijue. Baba yake alikuwa anachimba makaa chini ya ardhi kule kwao. Alifia humo na wenzake. Hawakuungua, hawakuangukiwa na mawe. Hewa tu. Waliwatoa wakiwa kama watu wamelala. Akaninyooshea kidole hivi, akasema nisiingize moto wa makaa chumbani kwake hata siku moja. Akaniambia tena nisimfungie dirisha. Yeye hulala limefunguliwa, mvua inyeshe isinyeshe."

"Kwa hiyo ulijua kwamba sigiri inaweza kumuua."

"Nilijua," Sulaiti alikubali, kisha akaona neno hilo linampeleka wapi. "Afande, kama ningetaka afe, si ningechelewesha chai?"

Emukule alifunga mlango wa mahabusu. Alipotoka, sajini wa kituo alimfuata mpaka kwenye Land Rover.

"Kama si mpishi, afande, mtafute Muzafaru wa Busia, yule mwenye malori. Juzi mzungu alipokuja kusikiliza wafanyabiashara, Muzafaru alimpigia kelele mbele ya watu wote. Alisema wakiweka ushuru mpakani, malori yake yatageuka mabanda ya kuku. Halafu angalia sigiri yenyewe, hii uliyoipakia nyuma. Chini ina rangi nyekundu. Hiyo ni alama ya mzigo wake."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Hukuniuliza, afande."

* * *

Hospitali ilikuwa njiani, kwa hiyo alianzia huko. Mgonjwa alilala chali, mashavu yake mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza juani. Muuguzi Rosebella alikuwa akimpima mapigo ya mkono.

"Anaonekana mzima," Emukule alisema.

"Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wekundu huu ni wa hewa ya makaa. Angekaa mle kidogo zaidi ungekuja kuchukua maiti."

"Ataongea?"

"Akijaliwa. Pengine leo jioni, pengine kesho. Usimharakishe."

Leonida alikuwa nje kwenye benchi, msichana wa Sio Port mwenye miwani, viatu vimejaa tope. Emukule alimwomba asimulie habari ya chakula bila kumwambia alichosikia kwa mpishi. Alisimulia vilevile: baridi, swali la sigiri, kijiko kuwekwa chini, baba aliyefia mgodini, dirisha.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Sisi watatu tu. Bwana Ojiambo alikuwa amechukua gari kwenda Busia. Alirudi sisi tumeshaagana na mzee, kila mtu anaenda kulala."

"Ulimsimulia habari ya baba wa mzee?"

"Bwana Ojiambo? Tangu tupite Bumala alikuwa hasemi na mtu."

"Alikuwa na nini?"

Leonida alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Ni mambo ya kazi, inspekta. Sijui kama naruhusiwa."

"Kuna mtu ndani kwa kosa ambalo huenda si lake."

"Ni habari ya kiwanda," alisema baada ya kufikiri. "Kiwanda cha blanketi. Nchi zote mbili zinakitaka. Bwana Ojiambo siku zote alisema kijengwe Malaba, kando ya reli. Tukiwa ndani ya gari kutoka Kisumu, mzee alitwambia waziwazi kwamba atashauri kiende Tororo. Alisema, 'Nyinyi Kenya mna viwanda vingi. Mkichukua na hiki, mwenzenu atafunga mlango, na mtu aliyejifungia mlango hanunui blanketi yako.' Bwana Ojiambo alibishana naye mpaka Bumala. Kisha akanyamaza."

"Jambo moja la mwisho. Mtu anaingiaje chumbani na sigiri yenye moto, anafunga dirisha, na mwenye chumba haamki?"

"Ana dawa ya usingizi. Huimeza kila usiku tangu wakati wa vita. Akishaimeza, hata treni haimwamshi. Tuliosafiri naye wote tunajua."

Emukule alikaa ndani ya Land Rover kwa muda bila kumwamuru dereva kuondoka. Aliyeweka sigiri alitaka ionekane kwamba mgeni aliomba moto. Mpishi na Leonida walikuwa wamemsikia mgeni kwa masikio yao akiukataa. Mtu anayejua hivyo hawezi kutunga uongo huo, maana unavunjika kwa swali la kwanza. Uongo ulitungwa na mtu ambaye hakuwa mezani.

Muzafaru naye hakuwa mezani.

"Busia," alimwambia dereva.

* * *

Muzafaru alikuwa kwenye bohari lake akisimamia upakuaji wa magunia ya kahawa. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono. Alimkaribisha inspekta kwa chai, na alipoonyeshwa sigiri hakuigusa.

"Ni zangu. Zinatengenezwa Tororo, naleta na lori. Hii rangi napaka mimi, mafundi wasinibadilishie."

"Ulimtukana mgeni wa serikali juzi."

"Nilimtukana, wallahi. Mbele ya watu, mchana, kwa sauti kubwa. Nilitaka asikie. Mtu wa kuua huwa anatukana kwanza? Tena yeye alinijibu vizuri. Alisema kwao pia wenye malori walipiga kelele hivyohivyo, na leo ndio matajiri." Muzafaru alikunywa chai. "Sikumwamini. Lakini alinijibu."

"Nani alichukua sigiri kwako jana?"

Muzafaru aligeuka. Aliangalia wapakuzi, akaangalia barabara.

"Inspekta, mimi ni mtu wa barabara. Nikitaja mkubwa, kesho malori yangu yatakaguliwa mpaka tairi za akiba."

"Sulaiti yuko ndani."

"Sulaiti yupi?"

"Wa resthausi ya Malaba."

"Sulaiti tunayeswali naye?" Muzafaru aliweka kikombe chini. "Yule mtu hata mbu hamuui, anampungia mkono tu. Ndani kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya hii sigiri."

Muzafaru alivuta pumzi ndefu. "Ojiambo. Alikuja hapa jana jioni na gari la serikali, peke yake. Alitaka sigiri na makaa. Alisema ni ya mama yake Bumala, anaumwa viungo kwa baridi. Nikampa bure, mtu na mama yake."

"Kwa nini umpe bure ofisa wa serikali?"

"Unauliza kama hujui." Alitabasamu bila furaha. "Ile ardhi yote ya kando ya reli pale Malaba aliinunua yeye, kwa jina la mama yake. Kila mtu wa lori anajua. Aliniahidi kiwanda kikija, mimi nitajenga bohari hapo. Ndiyo maana alitembea na mzungu kama mke na mume."

* * *

Kutoka Busia hadi Bumala barabara ilikuwa ya tope jekundu, na Land Rover ilifika ikiwa imebadilika rangi. Mama Zilpa, mama yake Ojiambo, mjane mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa uani akipepeta wimbi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu. Karibu." Alimtazama vizuri. "Wewe si Emukule? Uliyekuja hapa likizo na Lazarus, mkamaliza kuku wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Umekuwa mkubwa wa polisi! Kaa. Lazarus yuko wapi?"

"Hakupita hapa jana jioni?"

"Lazarus? Hajakanyaga hapa tangu mavuno. Kazi ya serikali haimpi nafasi."

"Na viungo vyako vinaendeleaje?"

"Viungo vyangu vina nini?" Alicheka. "Nimelima hilo shamba lote mwenyewe."

"Hakukuletea sigiri?"

"Mimi napikia kuni. Makaa ni ya watu wa mjini." Kicheko kilianza kumtoka usoni. "Kwani kuna nini?"

"Una ardhi Malaba, mama?"

"Malaba ni kwenu Wateso. Ardhi yangu ni hii unayoikanyaga." Zilpa aliweka ungo chini. "Emukule, niambie."

"Kuna mtu ameumizwa. Nilitaka kujua Lazarus alikuwa wapi jana jioni."

Mama alimtazama muda mrefu. Aliufungua mdomo kama anayetaka kurekebisha alilosema, kama anayetafuta jioni nyingine aliyoweza kumpa mwanawe. Kisha akaufunga.

"Hakuja hapa," alisema. "Siwezi kusema alikuja."

* * *

Alasiri, jua lilikuwa limetoka mawinguni Emukule aliporudi resthausi. Ojiambo alikuwa barazani na karatasi magotini, akijiandaa kwa hotuba ya kesho. Emukule aliishusha sigiri garini, akamwomba waingie nayo chumbani kwa mgonjwa.

"Ukandamize huo mkeka," alisema.

"Nini?"

"Kwa mkono. Chini ya dirisha."

Ojiambo aliinama, akaugusa, akauondoa mkono upesi.

"Umelowa."

"Na ukuta pia. Mvua iliingia humu kwa muda mrefu. Wewe uliniambia alifunga tone la kwanza."

"Labda alichelewa kidogo. Nilikuwa nasinzia."

"Asubuhi hukuniambia kwamba ulikuwa unasinzia. Ulisikia komeo."

"Emukule, unanihoji mimi?"

"Sigiri uliyopewa na Muzafaru iko wapi?"

Ojiambo alijipangusa mkono. "Nilimpelekea mama. Bumala."

"Nimetoka kwa mama."

Nje, askari alikuwa akiongea na dereva juu ya tope. Ojiambo aliketi kwenye ukingo wa kitanda, karatasi zake bado ziko mkononi.

"Mtu anaweza kununua sigiri kisha ikaibiwa garini," alisema. "Mpishi akaichukua."

"Anaweza. Lakini mpishi asingefanya hivyo, na nitakwambia kwa nini. Jana mezani mzee alisimulia kwamba baba yake aliuawa na hewa ya makaa mgodini. Aliapa kwamba moto wa makaa hauingii chumbani kwake, na dirisha halifungwi. Sulaiti alisikia. Leonida alisikia. Wote wawili walijua hakuna atakayeamini kwamba mtu huyu aliomba sigiri. Wewe peke yako hukujua, kwa sababu wakati anasimulia, ulikuwa Busia unaichukua."

Ojiambo aliangalia sigiri, kisha dirisha. Alionekana anapiga mahesabu na kuona hayalingani.

"Alikuwa anakipeleka Tororo," alisema mwishowe. "Unaelewa? Mgeni anakuja siku chache, anakichukua kiwanda kilichokuwa mkononi mwetu. Watoto wa hapa watafanya kazi wapi?"

"Na kesho ungesoma Malaba mahali pa Tororo. Kwa ajili ya watoto wa hapa, au shamba lako?"

"Yote mawili." Alisema bila haya, kama mtu anayesahihisha kosa la taipu. "Yote mawili, Emukule."

Emukule alimwita askari mwenye pingu.

* * *

Mkubwa wa Emukule alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akatoa amri. Ojiambo afungwe kimyakimya. Wajumbe waambiwe ni ajali. Mpishi abaki mahabusu mpaka mkutano uishe, ili habari isivuke mpaka.

"Mpishi hana kosa, bwana," Emukule alisema.

"Siku mbili hazimuui mtu."

Asubuhi iliyofuata Rosebella alimtumia ujumbe kwamba mgonjwa ameamka. Emukule alimkuta ameegemezwa kwa mito, kichwa kinamuuma, sauti ndogo. Leonida alikaa pembeni na kutafsiri. Emukule alimweleza yote, pamoja na amri ya mkubwa wake, maana aliona mtu aliyeponea chupuchupu ana haki ya kujua itasemwa nini juu yake.

Mbelgiji alifumba macho muda mrefu hata wakadhani amelala tena.

"Anauliza, mpishi amelala wapi jana," Leonida alitafsiri.

"Mahabusu."

Terlinden alifumbua macho, akaongea taratibu, akipumzika baada ya kila maneno machache.

"Anasema Paris alikaa mkabala na Mjerumani mmoja. Wakati wa vita, jeshi la mtu huyo lilikuwa mjini kwao mzee, na mjomba wake mzee alichukuliwa, hakurudi. Wote mezani walijua. Wakubwa walisema hayo yasitajwe, yataharibu mazungumzo. Wiki nzima hawakukubaliana hata juu ya tani moja ya makaa. Siku moja Mjerumani mwenyewe akasimama, akautaja mji kwa jina, na akasema alikuwepo. Mtu mmoja alitoka nje kulia. Alirudi. Siku ile ndipo walipoanza kazi."

"Anataka nifanye nini?"

Leonida hakuhitaji kuuliza. "Waambie wajumbe. Na mpishi atolewe kwanza. Anasema maoni yake nitayasoma mimi."

* * *

Wajumbe walikuwa wamekwisha kuketi, Kenya upande wa madirisha, Uganda upande wa mlango. Aliyeongoza ujumbe wa Uganda alikuwa Bwana Yahya, wakili wa Mbale, mtu mkavu mwenye mvi za mapema. Emukule alisimama baina ya meza mbili, akasema kilichotokea kwa mpangilio wake: sigiri, dirisha, Busia, Bumala, pingu. Hakuongeza kitu. Alipotaja jina la Ojiambo, kiongozi wa upande wa Kenya, ambaye alikuwa hajaambiwa lolote, aliweka mikono juu ya meza na hakuinyanyua tena.

"Nani amekutuma utuambie?" Bwana Yahya aliuliza.

"Mgonjwa."

"Na wakubwa wako?"

"Wao walitaka nichelewe."

Mtu mmoja alicheka, akajirudi. Bwana Yahya hakucheka.

"Tungeyasikia haya njiani tunarudi, tusingerudi tena hapa," alisema. "Lakini mliyemfungia ni raia wetu. Yuko wapi?"

"Yuko nje. Nimemfungulia asubuhi hii."

"Aingie."

Sulaiti aliingia akiwa na kanzu ileile yenye majivu. Kiongozi wa Kenya alisimama. Alionekana anatafuta maneno ya serikali, akayakosa.

"Mzee," alisema, "ulimwokoa mgeni wetu, sisi tukakufunga. Tumekukosea. Tunaomba radhi, mbele ya hawa wenzetu."

Sulaiti aliangalia upande mmoja, akaangalia wa pili, kama anayehesabu sahani.

"Nimesikia," alisema. "Mungu atatusamehe sote. Sasa naomba ruhusa, mabwana. Yule mzee hajala tangu juzi, na uji wa hospitali naujua."

Alipotoka, watu wa Uganda ndio walioanza kusogeza viti karibu na meza. Leonida alisimama, akarekebisha miwani, akaanza kusoma.

Emukule alitoka. Land Rover ilikuwa chini ya ukuta wa ukumbi, na Ojiambo alikuwa ameketi nyuma baina ya askari wawili, akisubiri kupelekwa mahakamani Kisumu. Sauti ya Leonida ilifika mpaka pale kupitia madirisha.

"Anasoma nini?" Ojiambo aliuliza.

"Maoni ya mzee."

"Amefika kwenye kiwanda?"

Emukule alisimama na mkono kwenye mlango wa gari, akasikiliza. Neno Tororo lilisikika. Ghafla sauti nyingi ziliinuka kwa pamoja, meza ikapigwa kwa kiganja, mtu akapaza sauti kwa Kiingereza, mwingine akamjibu kwa Kiswahili.

"Amefika," alisema.

"Unaona? Wanagombana." Ojiambo alijivuta mbele, pingu zikalia. "Nilikwambia. Wanagombana."

"Ndiyo," Emukule alisema, macho yake mlangoni mwa ukumbi. "Lakini hakuna aliyetoka."

Akapanda mbele, akamwambia dereva aondoke.